Ulinganisho: sola ya kijiji inazimika saa tatu usiku. Betri, paneli au jenereta?

Baraka_Idjwi
Salamu toka kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu. Gridi yetu ndogo ina paneli za kilowati 20 na betri za risasi za kilowati-saa 60 (kipimo cha umeme zinaoweza kuhifadhi). Inalisha nyumba, maduka, kituo cha afya na mashine ya kusaga muhogo. Ikifika saa tatu usiku, giza. Kwenye kamati wengine wanataka betri za lithiamu, wengine paneli zaidi, na mzee mmoja hasikii lolote isipokuwa jenereta.

fundi_Ndosho
Hizo 60 ni za kwenye karatasi. Betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu kila usiku unaiua, kwa hiyo mna 30 tu. Lithiamu yenye fosfati ya chuma unaweza kutumia hata asilimia 80 yake bila shida: kwa ukubwa uleule, mnapata 48. Inadumu miaka mingi zaidi pia. Bei ya kuanzia ndiyo inauma.

Mama_Furaha_Bkv
Jenereta mtaipata. Mazutu (dizeli) je, kila wiki kwa boti? Dispensari moja huku kwetu ilikuwa nayo, sasa kuku wanatagia juu yake.

fundi_Ndosho
Kama akiba haina ubaya, mama. Hata mtambo wa sola wa kampuni ya Nuru hapa Goma, megawati 1.3, uliowashwa 2020, ni wa mseto: sola, betri na jenereta ya akiba.

Kipushi_Lushi
Huku kwetu kiangazi ni vumbi tupu, usipofuta paneli umeme unapungua. Ninyi mvua inawaoshea. Niambie mambo mawili: betri zinajaa saa ngapi, na mashine inasaga saa ngapi?

Baraka_Idjwi
Saa saba mchana zimeshajaa, mkubwa. Mashine ni jioni, saa kumi na moja mpaka saa moja, akina mama wakitoka shamba. Mota ya kilowati 7.5.

Kipushi_Lushi
Basi paneli msinunue! Toka saa saba jua lenu linapotea bure. Na saa mbili za kusaga ni kilowati-saa 15, nusu ya akiba yenu ya usiku imekuwa unga. Sageni saa nne mpaka saa nane, umeme utoke kwenye paneli bila kupitia betri.

fundi_Ndosho
Mota ikiwashwa ghafla inavuta hata mara sita ya mkondo wake wa kawaida. Wekeni kifaa cha kuiwasha polepole, inveta, ile inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia mashine, ipumue. Na kama mita zenu ni za kulipia kabla, pangeni bei ya mchana iwe chini.

Mama_Furaha_Bkv
Papa, mchana mama mwenye muhogo yuko shambani. Bei nafuu atainunua nani?

Kipushi_Lushi
Muhogo mkavu hauozi kwa usiku mmoja. Aache gunia jioni, lipimwe mbele yake, apewe kikaratasi cha kilo. Kesho jioni achukue unga.

Mama_Furaha_Bkv
Hapo sawa, mzani ukiwa wa kamati, siyo wa mwenye mashine.

Baraka_Idjwi
Mwenye mashine ndiye huyo mzee wa jenereta. Mzani nitautafuta kabla ya kikao.