Naombeni ushauri: somo la kuchora darasa la awali, Ijumaa nina wageni

Mwl_Muheza: Habari za jioni wakuu. Nafundisha awali, watoto 64, miaka 5 na 6. Ijumaa tunapokea wageni, na mwalimu mkuu anataka kazi za sanaa ukutani. Krayoni ninazo pakiti mbili, nusu zimekatika. Nifundishe nini kwa siku mbili kipendeze? Usiku silali.

Bibi Kungu: Mwanangu, krayoni zisikutoe roho. Kata bamia iliyokomaa katikati, chovya kwenye rangi, gonga kwenye karatasi: ua hilo! Manjano ya jikoni ukiyakoroga na maji unapata rangi, mkaa uliosagwa unakupa nyeusi, gundi ni uji wa ngano. Wakifinyanga udongo, anika kivulini. Juani vitapasuka vyote na watoto watalia.

Fundi Brashi: Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 pale Dar kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi. Vifaa si kisingizio. Mimi nilichapwa fimbo nne kwa kuchora tembo nyuma ya daftari la hesabu, na leo tembo ndiye anayenilisha.

Mama Wawili: Mleta uzi, mpaka sasa watoto wamechora nini?

Mwl_Muheza: Kusema kweli, hawajachora. Nimechora mimi. Manila 16 za hela yangu, nikazikata nne nne, machungwa 64. Wao wapake rangi tu na kuandika majina. Mgeni akikuta mistari imepinda, anayesemwa ni mimi.

Mama Wawili: Basi hiyo kazi ni yako, mwalimu. Wangu alileta tausi mzuri nyumbani, nikamwomba anichoree mwingine. Akasema hajui, wa kwanza alichorwa na mwalimu.

Mlinzi wa Zamu: Hii chai. Akaunti ya juzi, machungwa 64, mwalimu halali. Weka picha, nipo pale nimekaa.

Fundi Brashi: Hata mimi nimeanza kuwa na shaka. Nani anachora 64 kwa mkono?

Mwl_Muheza: Picha siweki, zina majina ya watoto. Nilichora usiku tatu. Leo niliwagawia chache wajaribu. Mmoja, mama yake anauza machungwa stendi, akapaka la kwake kijani. Nikamwambia hapana, chungwa lina rangi ya chungwa, nikamshikisha krayoni nyingine. Akanitazama, kisha akapaka juu ya ile kijani mpaka likawa kahawia kama tope. Hakusema neno.

Mlinzi wa Zamu: Samahani mwalimu, nafuta kauli. Nimekulia huko. Chungwa la Muheza linaiva na kijani chake.

Mwl_Muheza: Najua. Ndiyo maana silali.

Bibi Kungu: Kesho mwite umwambie ulikosea wewe. Halafu weka machungwa halisi mezani, wayashike, wayanuse, kila mmoja achore analoliona.

Mwl_Muheza: Bibi, mwalimu mkuu ameshaziona hizi na amezisifia. Na manila nyingine sina hela ya kununua.

Bibi Kungu: Zigeuze.

Mwl_Muheza: Nimeangalia sasa hivi. Penseli haijapenya, nyuma ni nyeupe zote.