Mama analala na sukari 7, anaamka na 14. Nimwongezee insulini?

BintiMbagala: Habari za jioni wakuu. Mama anachoma insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole pamoja) asubuhi na jioni. Analala na 7 (mmol/L), anaamka na 13 au 14, na hajaonja kitu. Usiku anatoa jasho mpaka kanga inalowa. Nyumbani tunasema ni joto la Dar, umeme ukikatika feni nayo imezima. Jirani anasema niongeze yuniti mbili za jioni. Kliniki ni mwezi ujao.

Mzee_Kigamboni: Mpe mlonge kila asubuhi, mwanangu.

NesiTemeke: Shikamoo mzee. Mlonge ale kama mboga, ila usichukue nafasi ya dawa.

Dada, usiongeze hata yuniti moja. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari, na jasho hilo linanitisha kuliko hiyo 14. Mpime saa tisa usiku, siku mbili tatu, uandike kwenye daftari.

Ukikuta chini ya 4, sukari inashuka akiwa usingizini. Mwili unajitetea kwa homoni za glukagoni na adrenalini, ini linamwaga sukari ya akiba, na kujitetea huko ndiko kunakomtoa jasho. Ukiongeza dozi hapo unaweza kumpoteza. Mwamshe, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali.

Ikiwa sawa saa tisa halafu ikapanda alfajiri, hapo ni kotisoli na homoni ya ukuaji, homoni zinazopandisha sukari alfajiri; wengi inawatokea. Ikiwa juu usiku kucha, insulini haitoshi au imeharibika kwa joto. Friji likikosa umeme, mtungi wa udongo wenye maji unasaidia sana.

Anachoma saa ngapi, na anakula saa ngapi?

BintiMbagala: Anachoma saa kumi na mbili jioni, anakula baada ya swala ya isha.

NesiTemeke: Pengo hilo ni kubwa mno. Insulini hiyo huchomwa kama nusu saa kabla ya chakula. Sogeza sindano karibu na sahani, na kipimo cha usiku usikiache.

BintiMbagala: Dada nesi, usiku wa leo saa tisa: 3.1. Nimempa sukari, imefika 5.8, kala ndizi na uji.

NesiTemeke: Umefanya vizuri sana. Asubuhi hii mpeleke kliniki na daftari, usingoje tarehe. Dozi ya jioni aipange daktari.