Naomba ushauri: fomu ya mnufaika wa bima ya maisha ya marehemu kaka ina mashaka, fedha zitakwenda kwa nani?

Dada wa Urambo (mleta mada)
Ndugu zangu, salaam. Marehemu kaka yangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku huku Urambo, na alikata bima ya maisha akiwaandika watoto wake wawili kuwa wanufaika. Baada ya arobaini tulipeleka cheti cha kifo, tukaambiwa kwamba ipo fomu ya kubadili mnufaika inayomtaja mtoto wa baba yetu mdogo peke yake, ambaye ndiye aliyekuwa akishughulikia makaratasi ya kaka. Fomu hiyo imejazwa wakati kaka amekwisha kupata kiharusi kilichoua mkono wa kulia, hata uji alikuwa akinyweshwa. Lakini sahihi iliyopo imenyooka, na mkia wake umezungushwa vizuri kama alivyokuwa akisaini vitabu vya mizani alipokuwa mzima. Zaidi ya hayo, kampuni inauliza kama alitaja shinikizo la damu alipojaza maombi. Naogopa kwamba tukitamka neno udanganyifu, fedha zitazuiwa na watoto watakosa kabisa.

Mzee wa Ng'ambo
Pole, mwanangu. Huyo kijana aitwe kwanza na ukoo, polisi baadaye.

Wakala Mstaafu, Tabora
Shikamoo mzee. Kikao cha ukoo ni sawa, ila hakizuii malipo. Kampuni ikimlipa kwa nia njema mtu aliyemo kwenye kumbukumbu zake kabla ya kupata taarifa ya mgogoro, kuibana ilipe mara ya pili ni kazi ngumu, na mtabaki kumdai ndugu yenu. Dada, andika barua leo, eleza kwamba mnaipinga fomu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu hofu yako, jambo la kuuliza ni udanganyifu umefanywa na nani. Ikiwa sahihi imeghushiwa, fomu hiyo ni batili, na kwa kawaida uteuzi wa awali unabaki kama ulivyokuwa, yaani watoto. Lakini ikithibitika kwamba kaka mwenyewe alificha ugonjwa aliokuwa akiujua, na kwamba jambo hilo lingebadili uamuzi wa kampuni kumkatia bima, kampuni inaweza kuutengua mkataba wote, na hapo hapati mtoto wala binamu. Kwa hiyo tafuta kadi yake ya kliniki uone shinikizo liligunduliwa lini. Chunguza pia mwandiko wa fomu ya maombi, kwa kuwa mawakala wengi huijaza wenyewe na mteja akatia sahihi tu.

Dada wa Urambo
Kadi ninayo, na inaonyesha kwamba aligunduliwa baada ya kukata bima. Je, nikiteuliwa msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, nitaweza kuzichukua fedha hizo?

Wakili wa Igunga
Si lazima, dada. Fedha zenye mnufaika halali hulipwa kwake kwa mujibu wa mkataba. Huingia kwenye mirathi pale ambapo hakuna mnufaika anayestahili. Mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza: James Maybrick wa Liverpool alifariki mwaka 1889, na mkewe Florence, aliyekuwa mnufaika wa bima ya pauni 2,000, akatiwa hatiani kwa kumuua. Kampuni ilidai kwamba haina wa kumlipa, lakini Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyochapishwa mwaka 1892, iliamua kwamba mke hawezi kunufaika na kosa lake na kwamba fedha ziende kwenye mirathi ya marehemu. Simtuhumu ndugu yenu kwa mauaji hata kidogo. Ninachosema ni kwamba ubaya wa mnufaika peke yake hauifutii kampuni deni.

Kughushi ni jinai, hivyo ripoti polisi, ili sahihi ilinganishwe na zile za vitabu vya mizani. Viombeni vitunzwe mapema. Kampuni ikiona wadai ni wawili, inaweza kuiachia mahakama iamue. Ikikataa kulipa kwa hoja ya shinikizo la damu, huo ni mgogoro wenu na kampuni, na unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mzee wa Ng'ambo
Basi barua itangulie, kikao kifuate. Watoto wana umri gani?

Dada wa Urambo
Wote wako shule ya msingi, mzee.

Wakili wa Igunga
Basi mama yao, au mlezi mwingine atakayetambuliwa na mahakama, ndiye atakayepokea kwa niaba yao. Jina lake liandikwe kwenye barua hiyohiyo.