Maharage mafupi: mistari ya sentimita 40, 50 au 75?

Mlimaji_Mbulu
Wakuu, habari za majukumu. Nina ekari moja nataka kuweka maharage masika haya, mbegu ni Lyamungu 90, ile fupi. Jirani yangu anatumia 75, kamba ileile ya mahindi, na kila shina lake limejaa maganda hadi raha. Bwana shamba anasema 50 kwa 10, yaani 50 mstari hadi mstari na 10 shimo hadi shimo, mbegu moja kila shimo. Mwingine ananishauri nibane hadi 40. Nipeni mawazo kabla mvua haijanikuta.

Mama_Ndago
Maganda ya jirani yasikuchanganye. Shina likipata nafasi lazima litanuke na kubeba, ila gunia halijazwi na shina moja. 75 kwa 20 mbegu mbili ni miche kama 54,000 kwa ekari. 50 kwa 10 ni 81,000 hivi. Mimi napanda 50 kwa 20 mbegu mbili: miche ni ileile, mashimo nusu, mgongo unapumua. Na Lyamungu haitambai. Ukiipa 75, majani hayafungi mapema katikati ya mistari, jua linapiga udongo na magugu yanajilia mbolea yako.

Bwanashamba_Mstaafu
Nakubaliana na Mama Ndago. Kuhusu 40 kwa 10, hiyo ni miche 101,000 na inalipa tu kama unyevu upo na shamba lina hewa. Mbegu za Lyamungu ni kubwa, kwa hiyo kutoka kilo 35–40 za mbegu kwa ekari unakwenda karibu 50, na bei ya mbegu unaijua. Mistari ikibana hivyo, jembe la palizi nalo linakata mizizi. Kijana, shamba liko mlimani au bondeni?

Mlimaji_Mbulu
Shikamoo mzee. Ni bondeni, ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi.

Bwanashamba_Mstaafu
Marahaba. Basi 40 achana nayo. Majani yakigusana na kukaa na maji asubuhi nzima, magonjwa ya kutu na chule hayakuachi salama.

Wa_Masisi
Huku kwetu Kivu tunalima yanayopanda fito, marefu kupita mtu, na bado mistari ni 50! Urefu wake unakwenda juu, hauibi nafasi ya mmea wa pembeni. Kazi iko kwenye fito: ikiwa fupi, mmea unafika kileleni, unarudi chini na kujisokota, maganda yanakaa kivulini. Fito ya mita mbili ikisimama imara, kipande hichohicho cha ardhi kinakupa zaidi ya maharage mafupi. Tatizo ni miti ya kukata.

Mbaazi_Babati
Msije mkaipeleka hiyo 50 kwenye mbaazi ndefu. Ile ni ndefu na ina matawi, ukiibana inakuwa mti wa kuni. Sisi tunaiacha mita moja na nusu mstari hadi mstari, mahindi yanakaa katikati.

Mlimaji_Mbulu
Nimeelewa, nakwenda na 50 kwa 20. Kamba naifunga vifundo leo. Jirani hatakubali lakini, ataniambia nihesabu maganda.

Mama_Ndago
Mwambie siku ya kuvuna mpime mita 2 kwa 5 kwake na kwako, katikati ya shamba, si pembeni. Pigeni, pepeteni, kausheni, pelekeni kwenye mzani mmoja. Maganda ahesabu yeye.