Mjadala: Mafaili makubwa ya jenomu, tuyakate vipande au tuyaache yalivyo?

Mtoa mada:
Wakuu, hii tabia ya mtu akishushiwa faili la FASTQ (DNA iliyosomwa na mashine, pamoja na alama za ubora wake) la giga 80 anakimbilia split (amri ya Linux ya kukata faili), mi naona ni kujitafutia balaa. Juzi nimepoteza siku mbili nzima programu inagoma kwenye kipande cha pili, kumbe mwenzangu kakata kwa split -b, yaani kwa baiti, kisu kimepita katikati ya mstari wa ubora, kipande kinaanza na IIIFFF badala ya @ inayofungua rekodi. Sa si bora tungeliacha zima tu?

Mchangiaji 1:
Mkuu hapo kosa ni la mkataji, kukata hakuna shida. FASTQ ya kawaida rekodi moja ni mistari 4, kwa hiyo zcat kwanza (kufungua faili lililobanwa) halafu split -l 4000000, unapata rekodi milioni 1 kila kipande. Na usihangaike kutafuta @ kwa grep eti ndo mwanzo wa rekodi, mstari wa ubora nao unaweza kuanza na @. Prosesa 20 zimelala we unasubiri faili moja?

Mtoa mada:
Sawa, na R1 na R2 je, yale mafaili mawili ya jozi, kila moja na ncha yake ya kipande kilekile cha DNA? Mtu anachuja R1 peke yake, ndo anakuja kukata, jozi zote zimeshaachana hapo.

Mchangiaji 2:
Mnagombania FASTQ tu. VCF (orodha ya tofauti za DNA) ukiikata kwa mistari heda, yaani maelezo ya juu, inabaki kipande cha kwanza, vingine vyote yatima. BAM (DNA iliyosomwa, ikiwa imeshalinganishwa na jenomu rejea) ni binari, hiyo split usiisogeze kabisa: ipange kwa nafasi kwenye jenomu, iwekee faharasa kwa samtools index, kisha samtools view -b faili.bam chr20 (kromosomu ya 20), umepata unachotaka na faili lako zima liko palepale. FASTA (mfuatano bila alama za ubora) ndo usihesabu mistari kabisa, programu ya seqkit kwa split2 -p 10 inajua rekodi inaishia wapi.

Mchangiaji 1:
Kwa kromosomu nako kuna kero yake, chr1 ya binadamu ina besi (herufi za DNA) kama milioni 249, chr21 milioni 47 hivi, wenzake wanamaliza mapema wanaisubiri chr1. Mi nagawa kwa maeneo ya ukubwa sawa.

Mtoa mada:
Haya, BAM nimewaelewa. Ila FASTQ, kabla hujafuta faili mama, piga cat kipande_* | md5sum ulinganishe na zcat ya faili lenyewe | md5sum, hiyo md5sum inatoa alama ya yaliyomo. Zikitofautiana hata herufi moja usije kuniuliza mimi.