Mitishamba kwa mgonjwa wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi): ipitishwe kwenye mpira wa kulishia?

Nesi_Mbale
Jamani, ndugu za wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia huleta chupa za mululuza (majani machungu), juisi ya kitunguu saumu au unga wa mlonge, wakitaka tupitishe kwenye mpira wa puani ili mgonjwa "asishikwe na vijidudu vya wodi". Kuna mmea wowote uliothibitika kuzuia nimonia ya mashine au maambukizi ya damu? Nikikataa, niwape sababu gani?

Mfamasia_Jinja
Hakuna hata mmoja wenye ushahidi wa kuridhisha. Hata bakteria rafiki wa tumboni, waliosifiwa sana, hawakufua dafu: jaribio lililochapishwa 2021, lenye wagonjwa 2,650 wa Kanada, Marekani na Saudi Arabia, lilikuta nimonia kwa 21.9% ya waliopewa na 21.3% ya waliopewa kidonge kisicho na dawa cha kulinganishia. Wengine walikutwa na bakteria haohao ndani ya damu.

Sababu za kukataa unazo. Kitunguu saumu hudhoofisha chembe sahani (zinazogandisha damu), na wagonjwa wengi wa ICU wako kwenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Damu inaweza kutoka pale kwenye kanula (mrija wa mshipani) au tumboni. Mululuza unaweza kushusha sukari. Mgonjwa wa insulini aliyelazwa usingizi hawezi kusema anasikia kizunguzungu, kwa hiyo utaijua hatari ukipima tu. Unga wa mlonge hauyeyuki: unatuama na kuziba mpira mwembamba. Kuutoa na kuweka mwingine ni nafasi mpya ya kuuingiza kwa makosa kwenye mapafu.

Afisa_maambukizi
Umesahau chupa yenyewe. Majani yamekamuliwa kwa mikono, yakaongezwa maji ya mtungi, yakakaa siku nzima kwenye joto. Hiyo ni supu ya Klebsiella na bakteria wenzake wa wodini. Anayepewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, hana asidi ya kutosha kuwaua.

Mpenda_miti
Ssebo, msidharau. NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, si iliipa Covidex, dawa ya mitishamba, kibali 2021? Na asali kwenye vidonda?

Mfamasia_Jinja
Kibali kile kilikuwa cha dawa ya kusaidia matibabu ya maambukizi ya virusi. Hakihusu bakteria wa ICU wala hakisemi inakinga. Asali ya hospitali, iliyosafishwa kwa mionzi, ina kazi yake kwenye baadhi ya vidonda. Lakini ilipojaribiwa Australia na New Zealand pale mpira wa dialisisi (kusafisha damu badala ya figo) unapotokea tumboni, wagonjwa 371, matokeo ya 2014, haikushinda matunzo ya kawaida, na wenye kisukari waliambukizwa zaidi. Ile ya chupa ya soda kutoka barabarani usiitaje kabisa.

Afisa_maambukizi
Nnyabo Nesi, ukiwanyima chupa wape kazi, maana wanachotaka ni kusaidia. Mikono isuguliwe kwa sanitaiza ya alkoholi sekunde 20 hadi 30 kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya hapo. Waangalie kichwa cha kitanda kisishuke chini ya nyuzi 30. Kikiwa chini, chakula hurudi kooni na kuteremka mapafuni. Mfuko wa mkojo uwe chini ya kibofu lakini usiguse sakafu.

Yako wewe: meno yasuguliwe kwa brashi laini kila siku (klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya mdomoni haipendekezwi tena kwenye miongozo ya Marekani ya 2022), shinikizo la puto la mpira wa kupumulia uliopita kooni libaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji, na kila asubuhi muulize daktari kama dawa ya usingizi inaweza kupunguzwa na mpira wa mkojo kutolewa. Likilegea puto, mate yenye vijidudu hupita pembeni; likikazwa mno, koo linakufa nyama.

Nesi_Mbale
Na aliyekuwa akinywa hizo dawa nyumbani?

Mfamasia_Jinja
Uliza bila kukaripia, la sivyo watakuficha. Andika kwenye faili mmea, kiasi na siku ya mwisho. Kitunguu saumu cha dozi kubwa kwa kawaida husimamishwa siku 7 kabla ya upasuaji, kwa hiyo anayetaka kumtoboa koo ili kuweka mpira wa kupumulia lazima aione hiyo tarehe.