Leseni ya duka la babu, Kariakoo 1953: nianzie wapi?

Mjukuu_Kkoo
Wakuu, naomba mwongozo. Babu mzaa baba alikuwa na duka la rejareja: unga, sukari, mafuta ya taa ya kupima. Ninacho mkononi ni leseni yake ya 1953, kona ya chini imeliwa na mchwa, pamoja na kurasa nane za daftari la madeni. Leseni ina jina lake, namba ya kiwanja, kitalu (kundi la viwanja), na neno "Kichwele". Mtaa huo siuoni kwenye ramani. Jina lake nimelitafuta BRELA (wakala wa usajili wa biashara) mtandaoni, hola. Nataka kujua alianza lini, fremu ilikuwa yake au alipanga, na duka lilifungwa mwaka gani.

masijala
Kichwele ndiyo Uhuru ya leo. Ukikutana na New Street ujue ni Lumumba, na Acacia Avenue ni Samora. Andika majina yote mawili kabla hujaingia ofisi yoyote, maana majalada ya zamani hayajui jina jipya.

BRELA kukosa jina lake si ajabu. Sheria ya majina ya biashara humbana anayefanya biashara kwa jina lisilo lake. Aliyeuza kwa jina lake kamili hakuwa na haja ya kwenda kwa msajili. Kwa hiyo kagua leseni na daftari mbele na nyuma: kuna muhuri wenye jina la duka? Ukiupata, omba upekuzi kwa jina hilo, na uombe daftari la karatasi, usiishie mtandaoni. Taarifa za usajili hudai aina ya biashara, mahali, wenye biashara na tarehe ya kuanza. Hiyo tarehe ni swali lako la kwanza.

Baada ya hapo achana na jina, shika kiwanja. Mtu mmoja huandikwa Juma Salum, Juma bin Salum, J. Salumu, kwenye karatasi za Mjerumani hata Djuma. Namba ya kiwanja haina visingizio hivyo. Omba upekuzi wa ardhi kwa kiwanja na kitalu. Jina la mmiliki likiwa la mtu mwingine, babu alikuwa mpangaji. Watu hukosea hapa kwa njia mbili: wanapeleka namba ya nyumba badala ya kiwanja, au wanageuza kiwanja kuwa kitalu. Na kama pamejengwa ghorofa, viwanja viwili huenda viliunganishwa, kwa hiyo ulizia na ramani ya upimaji ya zamani.

Kibaba
Hapo kwenye umiliki niongeze. Mwenye nyumba akiwa mfanyabiashara mkubwa, kumbuka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea yalitaifishwa, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Shughuli zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Jalada la upangaji baada ya 1971 lifuate huko.

Hizo kurasa nane lakini ndiyo mali. Zimeandikwaje?

Mjukuu_Kkoo
Herufi za kawaida. Mfano: "M. Pili 4, unga pishi 2, mafuta nusu debe, bado sh 3". Mwaka haupo.

Kibaba
M. Pili ni Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Mwaka 1953 Mfungo Mosi uliangukia katikati ya Juni, kwa hiyo Mfungo Pili ni katikati ya Julai. Kila mwaka unaofuata hurudi nyuma siku 11 hivi. Ukipata ukurasa mmoja wenye tarehe ya mwezi wa Kiislamu na ya kizungu, umeshaupata mwaka wa daftari zima. Vipimo: pishi ni vibaba 4, debe ni galoni 4, kama lita 18. Orodhesha na wadaiwa. Jina lenye kazi pembeni ("fundi", "wa bandari") linakuonyesha duka lilihudumia nani. Piga picha kila ukurasa kabla hujaufungua sana, karatasi iliyokauka huvunjika kwenye mkunjo.

jalada_540
Nyaraka za Taifa, Upanga. Usiulize "faili la babu", halipo. Majalada yamepangwa kwa ofisi iliyoyatoa. Anza na mkusanyo namba 540 wa wilaya ya Dar es Salaam, kisha 61 wa Jimbo la Mashariki. Kwenye orodha soma vichwa vinavyogusa leseni za biashara, masoko, udhibiti wa bei na mgao wa chakula wakati wa vita. Duka dogo likitajwa popote, ni humo. Kanuni ya miaka 30 (jalada hufunguliwa kwa umma likifikisha umri huo) haikusumbui kwa 1953. Nakili mkusanyo, jalada na ukurasa palepale, la sivyo utarudi kutafuta upya.

Nakala za leseni zenyewe ni kazi ngumu. Manispaa ilianza 1949, ikawa Jiji 1961. Mamlaka za miji zikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zikarudishwa 1978. Mwaka 2000 zikaja Ilala, Kinondoni na Temeke, na 2021 Ilala ikawa Jiji. Kila uhamisho, masanduku yalihama.

Kuhusu kufungwa, angalia mwaka 1976 kwanza, wakati wa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalipofungwa kupisha ya ushirika. Kama alifariki akiwa bado na duka, tafuta jalada la mirathi mahakamani: orodha ya mali huandika hadi mizani na magunia. Cheti cha kifo usikitegemee, kwa Waafrika usajili haukuwa wa lazima enzi za mkoloni.

Mjukuu_Kkoo
Nimeipata! Ukurasa wa sita: "M. Mosi 1" na pembeni "4 Juni".

Kibaba
Basi ni 1954. Mwaka mmoja baada ya leseni.